Rekodi Isiyo na Pengo

Habari za moyo uliokataa kufa zilimfikia Shangazi kabla hazijamfikia Inspekta.

"Umesikia, mwanangu?" Shangazi aliuliza. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya karatasi imemshuka mpaka kwenye nyusi. "Yule bwana aliyefia mezani juzi. Wanasema mwili ulishafunikwa shuka, na kompyuta bado inahesabu mapigo yake. Tena yanakwenda mbio, kama ya mtu anayekimbizwa."

"Nani kakwambia?"

"Wodi nzima inajua. Wewe ndiye mpelelezi, halafu unaletewa habari na mgonjwa."

"Lisemwalo lipo," mama wa kitanda cha jirani alidakia.

Inspekta alimweka Shangazi kofia vizuri. Mikono yake haikutulia, akaiingiza mifukoni. Huyu ndiye aliyemlea tangu hajui hata kufunga vifungo vya shati, na leo alikuwa wa kwanza kuingia upasuaji. Angepigwa nusu kaputi, atolewe nyongo, juu ya meza ileile aliyofia yule bwana. Hospitali haikuwa na chumba kingine. Inspekta alikuwa amemwomba daktari mkuu aahirishe, na daktari mkuu alimjibu bila kuinua macho: "Nyongo imevimba. Ikipasuka tumboni, hutaniuliza tena habari za kuahirisha."

"Twende hospitali nyingine, Shangazi," alisema kwa sauti ya chini. "Gari lipo nje."

"Nikapasukie njiani? Wewe unaogopa maiti ya juzi, mimi naogopa nyongo ya leo. Kila mtu na mzigo wake." Shangazi alimshika kidevu. "Si umeshamkamata mwenye makosa? Sasa unatetemeka nini?"

Hilo ndilo lililomtetemesha. Aliyemkamata alikuwa daktari wa usingizi, mzee mpole ambaye hospitali nzima ilimwita Babu Usingizi, na sasa mzee huyo alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu. Ushahidi ulikuwa mmoja tu. Mgonjwa alikufa kwa kukosa hewa, midomo imekuwa ya bluu, ilhali rekodi ya kompyuta ilionyesha hewa ya kutosha mpaka mwisho. Kwa hiyo rekodi ilighushiwa, na mwenye kuitunza rekodi ni daktari wa usingizi. Jana hesabu hiyo ilikuwa nyepesi. Lakini mtu anayeghushi ili aonekane hana kosa, atawezaje kuandika kwamba maiti ina mapigo?

Msaidizi wa usingizi alikuja kukichukua kitanda. Alikuwa mwanaume mrefu, mkavu, mwenye misuli ya miguu iliyojichora chini ya suruali ya kijani. Alipotabasamu, meno yake yalikuwa meupe, yamepangana kama punje za mahindi mabichi.

"Hivi wewe," Shangazi alimwambia, "mbona wanakuita Kibogoyo, na meno yote unayo?"

"Utani wa kazini, Mama."

Alijibu huku akiangalia magurudumu. Kisha akakisukuma kitanda kwenye mteremko wa korido bila kuhema, na Shangazi akainua mkono mmoja kuaga, kama anayekwenda sokoni.

* * *

Mbele ya chumba cha upasuaji palikuwa na mstari mwekundu sakafuni. Asiyevaa nguo za kijani haruhusiwi kuuvuka. Inspekta alisimama, ncha za mabuti yake zikigusa mstari. Upande wa pili, kwenye sinki, sista wa vyombo, yule anayemkabidhi mpasuaji visu na mikasi, alikuwa anasugua mikono mpaka viwikoni.

"Sista, nina maswali machache. Usiache kunawa."

"Hata siwezi. Nikiacha naanza upya."

"Siku ile Babu Usingizi alikuwa wapi?"

"Alimlaza mgonjwa, akakaa naye vizuri tu. Baadaye akaitwa wodi ya wazazi, kuna mama alikuwa anatokwa na damu nyingi. Akamwachia Kibogoyo. Si nimeshayasema haya?"

"Yaseme tena. Nani aligundua kwanza kwamba kuna shida?"

"Mpasuaji. Alipiga kelele, 'Damu imekuwa nyeusi!' Halafu akabonyeza kengele ya dharura kwa kiwiko. Mimi mkasi ulinianguka."

"Na skrini ilisemaje?"

Sista aliacha kusugua, kisha akakumbuka akaendelea. "Skrini ilisema mgonjwa mzima. Hewa tisini na tisa, moyo unapiga. Mpasuaji anaangalia damu, anaangalia skrini, anarudi kwenye damu. Mwisho akaiamini skrini. Akasema, 'Labda ni macho yangu.' Hapo ndipo tulipompoteza yule bwana, Inspekta. Tulisimama tunaangalia namba."

"Presha nayo ilikuwa nzuri?"

"Presha ilikuwa haisomeki. Mkanda wa presha unafungwa mkononi kwa mgonjwa, na mpasuaji wetu unamjua alivyo na kitambi. Akiinama, kitambi kinaukandamiza mkono. Kila siku tunamwambia, 'Daktari, tumbo lako limetuzimia presha.'" Alitaka kucheka, kicheko kikakwama. "Kwa hiyo hatukushangaa."

"Mashine ya kupumua?"

"Mfuko wake unapanda na kushuka kama kawaida. Lakini ile ni ya zamani. Hata ukiuchomoa mpira wa hewa, mfuko utaendelea na safari zake."

"Na Kibogoyo?"

"Amekaa kichwani kwa mgonjwa, nyuma ya pazia. Maskini, hakubanduka hata tulipokata tamaa. Alikuwa amemshika mkono marehemu chini ya shuka. Hata Babu aliporudi mbio, akapapasa shingo, akakosa mapigo na kuanza kupiga kelele, yeye hakumwachia. Ana huruma yule."

"Uliuona mkono?"

"Niliona shuka." Sista alifunga bomba kwa kiwiko, mikono ameiinua juu, maji yanamchuruzika. Macho yake juu ya barakoa yalikuwa makubwa. "Babu Usingizi akimchoma mtu sindano anamwomba radhi. Kama si yeye, basi humu ndani kuna nini? Maana mimi naingia tena sasa hivi."

Sista aliusukuma mlango kwa mgongo, na kabla haujarudi, Inspekta aliona meza, taa kubwa, na nyayo mbili ndogo zilizotokeza chini ya shuka ya kijani. Alizijua nyayo hizo.

* * *

Chumba cha fundi wa kompyuta kilikuwa mwisho wa korido, chembamba kama stoo. Fundi alikuwa ameuzuia mlango kwa kiti ili usijifunge.

"Karibu, Afande. Mlango uache hivyohivyo."

"Kwa nini?"

"Basi tu." Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa amekiweka kiti chake mbali kidogo na meza, kama mtu aliyeona nyoka chini yake. "Mimi nimesoma, Afande. Siamini mizimu. Lakini nimeiangalia ile rekodi mara nyingi, na sasa sipendi kukaa nayo peke yangu."

Mezani palikuwa na skrini mbili. Moja ilikuwa na mstari wa kijani uliokuwa ukisogea, na namba zilizobadilika zenyewe.

"Hiyo ni nini?"

"Huyo ndiye aliye mezani sasa hivi. Mashine za chumba cha upasuaji zinanitumia namba moja kwa moja. Zamani daktari wa usingizi alikuwa anaandika kwa mkono, huku anamwangalia mgonjwa, huku anaandika. Siku hizi kompyuta inaandika yenyewe."

Moyo, themanini na nane. Hewa, tisini na nane. Inspekta alizisoma namba za Shangazi mara mbili.

"Kompyuta inaujuaje moyo wake?"

"Kwa njia mbili. Kuna kibanio kidoleni, kinasoma hewa iliyo kwenye damu, pamoja na mapigo, muda wote. Halafu mkanda wa presha, kila ukijikaza mkononi, nao unahesabu mapigo. Waya za kifuani zimeharibika, tunasubiri nyingine." Fundi alionyesha kwa kalamu. "Ona, kibanio themanini na nane, mkanda themanini na saba. Zinalingana. Moyo si ni mmoja?"

"Sasa nionyeshe marehemu."

Fundi aliigeuza skrini ya pili, naye akageuza uso.

"Kwanza niambie," Inspekta alisema. "Mtu akitaka kubadilisha namba, anaweza?"

"Anaweza. Lakini namba ya zamani inabaki chini yake, pamoja na jina la aliyeibadilisha. Mimi naziona zote."

"Babu Usingizi amebadilisha ngapi?"

"Hata moja. Hakuna aliyeigusa hii. Namba zote zimetoka mwilini mwa mtu."

Inspekta aliegemea ukuta. Kesi yake ya jana ilikuwa imevunjika kwa sentensi moja, na aliyekuwa chini ya dawa sasa hivi alikuwa Shangazi. Kama Babu hakughushi, basi kilichomuua yule bwana hakikuwa mahabusu. Kilikuwa bado hapa.

"Nisomee polepole. Tangu mwanzo."

Fundi alisoma. Moyo wa marehemu ulianza kwenye tisini, ukakaa hapo. Hewa tisini na saba. Baadaye meza ikainamishwa, na hewa ikaanza kushuka, tisini na nne, tisini na moja, themanini na sita. Moyo ukapanda.

"Hapa Babu alikuwa ameshaitwa wodi ya wazazi," Inspekta alisema. "Endelea."

"Hapa namba zinakatika kidogo. Halafu zinarudi. Hewa tisini na tisa. Moyo hamsini na mbili."

"Kutoka ngapi?"

"Mia na nne."

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda wa kupiga chafya, Afande. Nilidhani ni dawa."

"Dawa gani inamrudishia mtu hewa yote na kuupunguza moyo nusu, kwa muda wa kupiga chafya?"

Fundi alikuna kichwa kwa kalamu.

"Kengele ya dharura ilibonyezwa wapi? Imeandikwa?"

"Hii hapa, alama nyekundu."

Inspekta aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kabla ya alama nyekundu, moyo ulikuwa umetulia, hamsini na mbili, hamsini na moja, hamsini na mbili. Baada ya alama, mia na kumi. Mia ishirini na tano. Mia thelathini na moja. Hewa haikushuka hata kidogo.

"Fundi, mtu aliyepigwa nusu kaputi anasikia kelele?"

"Hasikii hata akipasuliwa. Ndiyo kazi yake."

"Basi huyu amesikia. Mpasuaji alipopiga kelele kwamba damu imekuwa nyeusi, huyu alisikia, na aliogopa."

Fundi alirudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. "Afande, usiseme hivyo."

"Si mzimu. Mzimu hauna moyo. Huyu ni mtu mzima, yuko macho, anapumua vizuri, na kibanio kiko kwenye kidole chake badala ya kidole cha mgonjwa. Aliogopa, na kompyuta ikaandika hofu yake. Mgonjwa akafa, yeye akaendelea kuogopa, kompyuta ikaendelea kuandika."

"Afadhali ungeniambia ni mzimu," fundi alisema. Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Lakini mtu akivue kibanio cha mgonjwa akivae yeye, ili iweje? Mwuaji gani huyo?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe. Kibanio kikitoka kidoleni, inakuwaje?"

"Kikichelewa kurudi, au hewa ikishuka sana, kengele inalia. Na kwenye rekodi panabaki pengo." Alilitamka neno hilo, kisha akatulia, mdomo wazi. "Pengo," alirudia.

"Sema."

"Kila wiki daktari mkuu anaitisha kikao. Ananiagiza nimtajie rekodi zenye mapengo. Anasema tumeletewa kompyuta ili tuache kuandika kubahatisha, rekodi yenye pengo ni aibu ya hospitali. Mwenye mapengo mengi anasimamishwa mbele ya wenzake. Daktari mkuu anamwambia, 'Simama tukuone, kibogoyo.' Watu wanacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka."

"Na msaidizi wa usingizi?"

"Alisimamishwa mpaka jina likamganda. Chumba kile kina baridi kama friji, Afande. Vidole vya wagonjwa vinapoa, kibanio kinasoma uongo au hakisomi kabisa, na yeye ndiye anayekaa navyo. Lakini siku hizi amejirekebisha. Rekodi zake hazina pengo hata moja. Ni safi kuliko za..."

"Zifungue. Yoyote."

Fundi alifungua moja. Moyo sabini na tisa, namba zinakatika, moyo hamsini na tatu, namba zinakatika, moyo themanini. Akafungua nyingine. Moyo mia, kisha hamsini na moja, kisha tisini na nane. Mikono yake ilikuwa inakosea vitufe. Wagonjwa walikuwa tofauti, wanaume kwa wanawake, na katikati ya kila rekodi ulikaa moyo uleule mmoja, mtulivu, wa taratibu.

"Hawa wote walipona," alisema kwa haraka, kama anayejitetea. "Kidole kilikuwa kimepoa tu. Akakiazima chake, kidole cha mgonjwa kikapata joto, akakirudisha."

"Mpaka siku moja kidole hakikuwa na baridi. Kibanio kilikuwa kinasema kweli." Inspekta alihesabu waliokuwepo. Mpasuaji na sista mikono yao ilikuwa ndani ya kidonda, mbele ya macho ya wote. Babu alikuwa wodi ya wazazi. Alibaki mmoja, nyuma ya pazia, mkono chini ya shuka. "Moyo wa hamsini na mbili. Nani hapa ana moyo kama huo?"

"Anakimbia kila asubuhi, huyo. Anakuja kazini kwa miguu kutoka ng'ambo ya kilima, na hafiki amechoka."

"Afande," aliongeza, kwa sauti nyingine. Alikuwa anaangalia skrini ya kwanza.

Hewa ya Shangazi ilikuwa tisini na tatu.

"Wameinamisha meza," fundi alisema. "Wanafanya hivyo kila wakitoa nyongo. Labda ni kidole tu, kimepoa."

Tisini. Themanini na saba. Moyo mia na kumi.

"Pigia chumba simu."

"Inaita." Fundi alikuwa ameshanyanyua simu ya mezani. "Wana glavu, huwa hawapokei. Inaita tu."

Mstari wa kijani ulikatika. Zikabaki nukta mbili tatu za mlalo, na Inspekta akajikuta anaziomba zibaki hivyohivyo. Pengo. Liwe pengo.

Mstari ukarudi, mzuri, wa taratibu. Hewa tisini na tisa. Moyo hamsini na mbili.

Chini yake, mkanda wa presha ulimaliza kujikaza ukaleta namba yake. Mapigo, mia na kumi na tisa.

Mgonjwa mmoja, mioyo miwili.

Kiti kilichozuia mlango kilianguka. Inspekta alikuwa ameshatoka.

* * *

Aliuvuka mstari mwekundu bila kuuona. Mlango ulipofunguka ulipiga ukuta, na mpasuaji akainua kichwa, mikono yake ndani ya tumbo la Shangazi.

"Toka nje na hayo mabuti! Nani kamruhusu huyu?"

"Mwangalieni midomo!"

"Nimesema toka nje!"

"Mwangalieni midomo yake!"

Daktari mgeni, aliyeazimwa kushika nafasi ya Babu Usingizi, alikuwa ameipa meza mgongo akivuta dawa kwenye sindano. Aligeuka, akaangalia skrini kwanza. Wote waliangalia skrini kwanza. Tisini na tisa, iliandika skrini. Mfuko wa mashine ulipanda, ukashuka.

"Mgonjwa yuko sawa, Inspekta," daktari mgeni alisema. "Mbona..."

Inspekta alikuwa ameshafika nyuma ya pazia. Kibogoyo alikuwa amekaa kwenye stuli, mkono mmoja chini ya shuka, na machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka kabla hajaguswa. Alipoiona sura ya Inspekta, namba ya moyo kwenye skrini iliruka kutoka hamsini na mbili mpaka tisini na nane. Inspekta akaifunua shuka.

Mkono wa Shangazi ulikuwa umelala peke yake, mtupu. Pembeni yake, kibanio kilikuwa kimeuma kidole kirefu, chembamba, cha mwanaume.

Sista alipiga yowe.

"Kina baridi tu," Kibogoyo alisema. "Kidole chake kina baridi, Inspekta. Nilikuwa nakipasha joto nikirudishe. Ni baridi tu."

Inspekta alikinyofoa kibanio na kukibana kwenye kidole cha Shangazi. Kengele ikalia, kali, ya mfululizo. Daktari mgeni alikuwa ameshaiacha sindano. Alimfunulia Shangazi uso, na chumba kizima kikaiona midomo.

"Mpira!" alisema. "Shikeni taa! Mpira wa hewa uko wapi?"

Alipapasa kwa vidole tangu mdomoni, chini ya shuka, chini ya pazia, mpaka pale mpira ulipoungana na mashine. Meza ilipoinama ulikuwa umevutika. Maungio yalikuwa yameachana, ncha mbili zinatazamana, na mashine ilikuwa inapulizia shuka hewa. Aliyaunganisha, akayashika kwa mkono yasitoke tena, kwa mkono wa pili akaminya mfuko. Kifua cha Shangazi kikainuka.

"Mpasuaji, toa mikono."

"Nimetoa."

Namba ilitokea kwenye skrini. Hamsini na nane. Kengele ilikuwa inatoboa masikio. Daktari mgeni, bila kufikiri, kwa mazoea tu, alinyoosha kidole kwenye kitufe cha kuizima.

"Iache ilie," Inspekta alisema.

Kidole kilisimama hewani, kikarudi.

Sitini na moja. Sitini. Sitini na sita. Mpasuaji alikuwa ameinua mikono yenye damu mbele ya kifua, kitambi kimerudi nyuma mbali na meza, na macho yake yalikuwa kwa Kibogoyo.

"Yule bwana," mpasuaji alisema. "Nilipouliza, nikasema mbona damu nyeusi. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Nilidhani ni baridi," Kibogoyo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Halafu ukapiga kelele, nikajua si baridi. Nikataka kukitoa. Nikasema nikikitoa sasa, kengele italia, wote mtageuka, mtaniona. Nikasema nisubiri kidogo mgeuke upande wa pili. Hamkugeuka. Mnasukuma kifua, mnaangalia skrini, hamgeuki. Kila nikisubiri inakuwa mbaya zaidi."

"Na leo?" Inspekta aliuliza. "Umeshaua mtu kwa kidole hicho, na leo umekivaa kibanio tena?"

"Leo ni kikao. Na jana mmemkamata Babu, wote wanasema rekodi, rekodi. Nikasema leo rekodi ikiwa na pengo, wataangalia na za nyuma." Alikitazama kidole chake, alama mbili za kibanio zimebaki kwenye ngozi. "Sikutaka afe. Kweli tena, nilikuwa nampasha joto."

"Kuna mzee yuko sakafuni mahabusu kwa ajili yako."

"Najua."

"Inuka usimame ukutani. Mikono yote miwili niione."

Alisimama. Alikuwa mrefu kuliko wote mle ndani, na alisimama ukutani ameinamisha kichwa, kama alivyozoea kusimamishwa.

Sabini na tisa. Themanini na nne. Daktari mgeni alikuwa anaminya mfuko, anaachia, anaminya, jasho linamdondokea kwenye barakoa. Midomo ya Shangazi ilikuwa inabadilika rangi, polepole, kuanzia katikati. Tisini. Tisini na tatu. Kengele ikanyamaza yenyewe, na sista akashika stuli ya Kibogoyo, akasahau kwamba mikono iliyonawa haitakiwi kuigusa.

Kwenye skrini, hewa ilisoma tisini na saba. Moyo, mia na nne.

"Yupo," daktari mgeni alisema.

Inspekta alikuwa ameukamata unyayo mmoja wa Shangazi uliotokeza chini ya shuka. Hakuiangalia skrini.

"Ni yeye mwenyewe?"

Daktari mgeni aliitazama skrini, kisha akaigeuzia mgongo. Alimpa sista mfuko auminye. Akaweka vidole viwili shingoni mwa Shangazi, akafumba macho, akahesabu kwa midomo bila sauti. Alihesabu kwa muda mrefu. Chumba kizima kilisubiri, na hata Kibogoyo pale ukutani aliinua kichwa.

"Ni yeye mwenyewe," alisema.